Folda ya Nyaraka ni Tupu, na Jumamosi Wanakuja Kuposa

Mpendwa Shangazi Yustina, shikamoo. Naomba msaada wako haraka maana hapa nilipo hata ugali haupiti, mimi ni mke wa Nathanaeli hapa Mungaa, na baba mkwe wangu mzee Melkizedeki ndiye pekee aliyekuwa anaujua ukoo wetu wote, na kwetu binti haposwi mpaka vizazi vihesabiwe pande zote mbili isije ikawa ni ndugu, basi mwaka jana mzee alinikalisha wiki nzima akinitajia majina na mimi nayaandika kwenye kompyuta yetu, hii inayotumia mfumo wa Linux, halafu Februari akapata kiharusi na sasa hawezi kusema, na Jumamosi wanakuja kumposa binti yetu Happiness. Sasa juzi nikaona ya nini kuhangaika na Kiingereza, nikaigeuza kompyuta iwe ya Kiswahili, ilipowaka ikauliza kama ibadilishe na majina ya folda, nikakubali tu, kuja kufungua folda ya Nyaraka ni tupu, Shangazi, hakuna hata jina moja! Fundi Paskali anasema ipigwe windows upya, mume wangu sijamwambia, nifanyeje?

Editha, Mungaa

Marahaba, Editha. Barua yako isingeweza kungoja gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu jana, nawe ukalia kwa furaha mpaka nikakosa pa kuingilia. Tuliyoyafanya kwenye simu nayaandika hapa kwa ajili ya wasomaji wengine.

Kompyuta haikufuta kitu. Ilitengeneza folda mpya yenye jina la Kiswahili, ikaifanya ndiyo ya kuanzia, na ile ya zamani yenye vitu vyako ikaiacha palepale. Ulipofungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, ukaandika ls na kubonyeza Enter, uliziona zote mbili, Documents na Nyaraka. Tukaandika mv Documents/* Nyaraka/ na vizazi vyote tisa vikahamia. Ahsante Mungu, hata mimi nilishusha pumzi. Ulilalamika herufi ni ndogo kama uwele: bonyeza Ctrl, Shift na alama ya kujumlisha, kisha kwenye mipangilio ya terminali weka ukubwa huo uwe wa kudumu.

Sasa nikugombeze kidogo. Mashine ikikuuliza, soma kwanza ndipo ujibu! Na huyo Paskali angepiga hiyo windows, ambayo ingefuta kila kitu, ndipo ungelia kweli, maana urithi wa ukoo mzima umeuweka mahali pamoja. Mume naye unamficha nini? Ukoo ni wake.

Mwambie leo. Nenda mjini Ikungi ukachape nakala tatu, na nyingine iweke kwenye flashi. Kisha keti na mzee umsomee jina kwa jina. Uliniambia kusikia anasikia, na palipokosewa atatikisa kichwa. Jumamosi wageni wakifika, mkalisheni mzee mbele kama kawaida yake, na wewe Editha usimame usome majina.