Thawabu Zako Zinawavimbisha Mbuzi

Baba,

Mungu akupe nuru huko ulipo. Nimeanza na dua kwa sababu yanayofuata ni lawama, na sitaki useme nimekuvamia.

Nimekaa kibarazani kwetu Chamazi, jua linazama, na mbuzi wako wananipigia kelele. Wote watatu wamepanga vichwa kwenye uzio wananitazama mikononi. Unajua wanachotaka. Ni saa yako ya kurudi kutoka sokoni.

Ni wewe uliyewazoesha. Ulikuwa unarudi na mfuko wa matunda yaliyopondeka mezani kwako, yale ambayo wateja walikuwa wanayabonyeza kisha wanayaacha. Unayaosha, unayachambua, lenye ukungu au harufu ya kuchachuka unalitupa. Embe unalitoa kokwa. Papai unalikata vipande vya kidole gumba. Unangoja kwanza wale majani washibe, halafu ndipo kila mbuzi anapata kiganja kimoja, basi. Nilipokuuliza mbona kidogo hivyo ukasema, "Hii ni peremende, mama. Umeona wapi mtoto anashibishwa peremende?"

Kisha ukafa. Hukuwaambia mbuzi. Hakuna aliyewaambia. Kila jioni ikifika saa ile wanaita, na wakiita mama anasimama. Hata awe ameshika nini, anakiweka chini na kutazama geti.

Bado anakaa eda. Hatoki, na kutwa yuko humu ndani na nguo zake nyeupe, nami niko shuleni nafundisha watoto wa watu ramani za mvua. Kwa hiyo wanaomtembelea ndio wanaoshinda naye, na nisingekuwa na neno kama wasingekuja na matunda. Kila mmoja anadhani ni yeye wa kwanza kuwaza kwamba nyumba ya marehemu muuza matunda ipelekewe matunda. Meza imejaa. Ndizi zinaiva, zinapiga weusi, zinavutia nzi. Nani atayala yote hayo? Mie na mama?

Aliyeanza ni shangazi Mwanaidi, dada yako. Alichukua ndizi akamlisha Mjumbe, beberu wako uliyempa jina hilo kwa kuwa hakuna anayepita getini bila kuchunguzwa naye. Shangazi akainua mikono: "Ya Rabi, thawabu za huyu kiumbe mfikishie kaka yangu." Akalia. Wanawake wote waliokuwepo wakalia. Tangu hapo, Baba, mbuzi wako wamegeuka sanduku la sadaka. Mtu akishatoa pole anauliza, "Wale mbuzi wa marehemu wako wapi?" Anakwenda uani na chungwa zima, na nanasi, na ganda la tikitimaji kubwa kama karai. Wanawalisha na kunuia, na machozi yanawatoka, na mimi nimesimama pembeni kama mtu asiye na imani.

Nilisema. Usidhani nilinyamaza. Nilimweleza shangazi kwamba tumbo la mbuzi ni la majani, kwamba sukari nyingi kwa mara moja inachachuka humo ndani na kutoa gesi, kwamba mbuzi anaweza kufa kwa jambo ambalo mtu amelifanya kwa mapenzi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akanishika shavu, akasema, "Zuhura, usimzuilie baba yako thawabu."

Mama Happy wa nyumba ya pili ndiye aliyenimaliza. Unajua alivyo, hana baya na mtu. Alikuja na parachichi kutoka kwao Tukuyu, nikamkuta anamnyooshea Shemeji, yule mbuzi jike wako, ganda. Parachichi, Baba! Lile ulilokuwa unalibeba kwenye mfuko wa peke yake ili hata ganda lisidondoke uani. Sikusema samahani wala naomba. Nilimpokonya mkononi, nikasema hii kwao ni sumu. Akanitazama, akasema, "Mbona sie tunakula kila siku na hatufi?" Nikamwambia wewe si mbuzi. Akaangua kicheko, akamwambia mama, "Huyu mtoto amechukua macho ya baba yake, ila ulimi sijui katoa wapi."

Basi nikaandika tangazo, nikalibandika getini: TAFADHALI MSIWALISHE MBUZI MATUNDA. ASANTENI. Mama alipoambiwa alikasirika jinsi ambavyo sijamwona akikasirika tangu msiba. "Watu wanakuja kunihani, wewe unawawekea tangazo kama ofisi ya serikali?" Shangazi alilisoma kwa sauti, akauliza kama na yeye anaruhusiwa kula au asubiri tangazo lake. Mama Happy akasema hata mbuzi wa Chamazi siku hizi wako kwenye dayati. Wakacheka. Mama naye akacheka, kidogo, na ni kwa ajili ya kile kicheko niliwaacha. Lakini tangazo sikulibandua.

Sasa nikwambie la embe.

Wajomba wa Kisarawe walikuja Jumapili na kiroba cha embe. Zilikuwa zimeiva kupita kiasi, za chini zimeshaanza kutoa povu. Nilizisogeza jikoni, nikamwambia mama kesho nitazitupa, nikaingia ndani kusahihisha madaftari. Wageni wakaondoka. Ikafika ile saa yao, Shemeji akaanza kuita. Unajua sauti yake, hukumpa bure jina la mtu anayeingilia kila jambo, na sasa ana mimba, amezidi. Mama akakiburuta kile kiroba mpaka uani, peke yake, akakifungua akakimwaga.

Asubuhi nilimkuta Shemeji amelala, hataki kusimama, ubavu wa kushoto umevimba na kukaza kama ngoma. Hacheui. Alikuwa anasaga meno, Baba, nilikuwa sijawahi kuisikia sauti ile. Mjumbe na yule mdogo walikuwa wanaharisha. Makokwa ya embe yalikuwa yametapakaa uani, mengine yamelambwa mpaka yakawa meupe.

Nilimpigia daktari wa mifugo, nikapiga shuleni, nikampigia ba'mdogo Seif aje anisaidie kumwinua. Ba'mdogo alifika kwanza. Alimtazama Shemeji, akatikisa kichwa, akasema, "Mpigieni mtu wa machinjioni Vingunguti amchukue angali anapumua. Na hawa wengine waende hukohuko. Mwanamke wa eda na mwalimu, nyie mtawezaje mifugo?" Alikuwa ameshatoa simu. Hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo linaloniudhi kwa watu wa nyumba hii, hakuna hata mmoja ambaye ninaweza kumchukia vizuri.

Mama alitoka mlangoni. Akapiga magoti kwenye matope na nguo zake nyeupe, akaanza kumsugua Shemeji ubavu. Nami nikampigia kelele. Mbele ya ba'mdogo. "Unamuua, mama! Nilikwambia! Baba alikuwa anawapa kiganja kimoja, kimoja tu, na ulikuwa unamwona kila siku!"

Hakugeuka. Aliendelea kusugua, akasema polepole, kama anaongea na mbuzi:

"Baba yako alikuwa anawapa kidogo kwa sababu alijua kesho atakuwepo. Mie kesho siioni. Ndiyo maana nawapa yote."

Ba'mdogo akairudisha simu mfukoni.

Daktari alikuja na bodaboda. Tukamsimamisha Shemeji miguu ya mbele juu ya ngazi ya kibaraza, daktari akampitishia mpira kooni, mie na mama tukawa tunasugua, mikono yetu inagongana kwenye ubavu ule. Ilichukua muda. Mwisho Shemeji akapiga mbweu, moja ndefu, ya aibu, yenye harufu ya pombe ya embe, na mama akasema Alhamdulillahi kwa sauti ambayo majirani waliitikia. Daktari anasema mimba bado ipo. Anasema pia yakitokea tena asiitwe, achimbiwe shimo. Ni mtu wa maneno makali, ungempenda.

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kumpa mama jioni ile. Nilikuwa nayo tangu asubuhi, imenyooka, ina sababu zote. Sikuitoa. Nilikaa na lile neno lake na sikupata pa kulishika. Mimi niliyesoma nilidhani hajui kipimo. Kumbe kipimo anakijua kuliko mimi. Ambacho hana ni kesho, na kesho siwezi kuibandika getini.

Siku chache baadaye, walipopona na kurudi kula majani, nilimenya papai moja, dogo. Nikatoa mbegu, nikalikata ulivyokuwa unakata. Nusu nikaiweka kwenye sahani, nusu kwenye bakuli. Nikampa mama sahani, nikasema, "Hii ya leo." Nikafunika bakuli mbele yake, nikaliweka kwenye friji. "Ile ya kesho."

Alinitazama kama nimemtukana. Alikwenda uzioni akawapa, ikaisha mara moja. Wakaendelea kuita. Shemeji aliita mpaka adhana. Mama alisimama pale akizuia mikono yake kwa mikono yake, na mimi nilisimama nyuma yake nikiwa na hasira na wewe, Baba, hasira ambayo sikujua ninayo, kwamba umewafundisha viumbe hawa wote kukungoja. Nasema wote. Nami nimo.

Lakini jana niliporudi kutoka shuleni nilimkuta mama jikoni, friji iko wazi. Hakunisalimia. Aliuliza, "Lile bakuli la kesho umelificha wapi?"

Baba, sijakusamehe. Nadhani nitakuwa nakugombeza muda mrefu, na hunijibu, na hilo nalo ni kosa lako. Ila nakuahidi kitu kimoja. Kila jioni nitakata nusu mbili mpaka mama amalize eda yake, na akishamaliza nitaendelea, mpaka siku atakayokuwa anaikata ile ya pili mwenyewe bila kuambiwa. Thawabu kama zipo na zikufikie, ila zitakuja kiganja kimoja kimoja. Uzoee.

Lala salama, Baba. Naenda, mama ananiita nimshikie sahani.

Mwanao,
Zuhura