Nusu ya Mutiso

Malindi, wakati wa masika

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako, na kile kifua kimeacha kukusumbua. Mimi ni mzima, ila joto la huku bado linanishinda. Nakuandikia kwa Kiswahili ulichotoka nacho vitani ukatufundisha, kwa sababu mambo haya kwa Kidawida chetu cha nyumbani ningeona aibu kuyasema.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Gede, Kadzo, alimleta baba yake wodini kwetu. Mzee Kazungu alikuwa mifupa mitupu. Kila chakula alikigawa, nusu akaiweka sakafuni na kusema, "Hii ya Mutiso." Kisha hata yake hakuigusa.

"Sista," Kadzo aliniambia, "tumempeleka kwa waganga, wakampigia ngoma za pepo. Ngoma zikilia, yuwalala kifudifudi, ajifunika kichwa."

Daktari alimpa vidonge. Alilala, akaamka vilevile.

Baba, nilikuona wewe. Mvua ikipiga mabati ulikuwa ukitoka, ukasimama migombani umeloa chapachapa, na Mama akituambia, "Msimwulize baba yenu kitu." Hatukukuuliza. Hata huku, mvua ikianza, huchungulia dirishani nikiogopa kukuona umesimama hapo nje.

Basi siku moja, badala ya kuondoa sahani, niliketi kando yake sakafuni.

"Babu, Mutiso ni nani?"

Alinitazama sana. "Wanicheka?"

"La. Nataka kumjua."

"Mkamba. Tulikuwa naye Burma. Alipigwa risasi ya tumbo, afisa akasema twendeni. Akaniita: Kazungu, usiniache. Nami nikenda." Akaitazama ile nusu sakafuni. "Niliporudi kwetu walinichinjia mbuzi, wakacheza. Hapana aliyeniuliza nilimwacha nani."

Miaka karibu arobaini, Baba! Alilia, nami sikumwambia anyamaze, wala sikumwambia ni kazi ya Mungu. Nilimshika mkono tu. Alipotulia, akala vijiko vichache. Nusu ya Mutiso aliiacha palepale.

Sasa yuko kwao. Akija kliniki huketi nami tukazungumza. Kadzo asema anakula, ingawa siku nyingine bado humsikia akiitika mtu asiyeonekana.

Matroni alikuwa ametuona. Aliniita akasema, "Kuna mafunzo ya kutoa nasaha kwa wagonjwa. Jina lako nimelipeleka." Nimekubali, lakini sina raha. Wazee wa watu nimejua kuwauliza, baba yangu mwenyewe sijapata kumwuliza.

Nisalimie shangazi Mghoi anayekuchungia mbuzi, na kaka Mwakio, asiache kukupeleka hospitali. Mama mwambie kanga zake ziko tayari. Akikasirika kwamba nimeyagusa haya, mwambie nimekuwa mtu mzima, na lawama ni yangu.

Likizo nitakuja. Sitakuhoji. Nitaketi nawe, na ukitaka kunyamaza tutanyamaza wote. Lakini kama yuko aliyekuita kule vitani ukaondoka, niambie jina lake, Baba, na sisi watoto wako tumjue.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Wakio