Nani Atamsemea Bwana wa Reli?

Baba Neema, mume wangu,

Nimekukasirikia, na kwa kuwa humu ndani hakuna mwingine wa kumsemesha, utasikia wewe. Neema yuko kazini, theluji imeziba kibaraza chote, na sisi majirani wa ghorofa hii ya Crescent Town tunasalimiana kwenye lifti, kisha kila mtu anafunga mlango wake. Kwa hiyo tulia unisikilize. Wewe siku zote ulipenda kusema kuliko kusikiliza.

Nimekukasirikia kwa sababu ya *Bwana wa Reli*. Filamu zako nyingine zote ziliozea kwenye lile ghala la Dar es Salaam. Hii moja imebaki kwa sababu niliifunga ndani ya khanga zangu tulipokuwa tunahama. Na haina sauti! Idara ya filamu ya serikali haikuwa na mashine ya kunasa sauti, nawe ukaniambia, "Mashine ya nini, Mama Neema, na midomo tunayo?" Hukuandika hata neno moja. Mtunzi gani wewe?

Lakini nani aliyekuwa na habari ya kuandika siku zile? Ulianza ukiwa karani, ukapewa kamera utengeneze filamu za kunawa mikono na kuchimba vyoo. Ukachoka na vyoo. Ukatunga kisa cha mfanyakazi wa reli anayemwacha mkewe Morogoro, anapotelea Tabora, halafu anarudi kichwa chini kuomba radhi. Ukakiongoza mwenyewe, ukamcheza bwana mwenyewe, na mke ukanifanya mimi, maana wazazi wote walikataa binti zao wasimame mbele ya kamera.

Unakumbuka gari la sinema linavyoingia uwanjani, watu wanatukimbilia na mikeka yao? Wewe unasimama kushoto mwa pazia la kuonyeshea picha na kipaza sauti chako, mimi kulia na changu. Wewe unamsemea bwana, na stesheni masta, na mbuzi. Mimi wanawake wote. Picha ulikuwa unaitazama wewe. Mimi macho yangu yalikuwa kwako, nangoja umalize ndipo nijibu. Na hukuwahi kusema maneno yaleyale mara mbili! Kule Tabora, wewe Mzaramo, uliwatania watani zako Wanyamwezi mpaka wakasimama kukujibu, picha ikawa inaendelea peke yake, hakuna anayeitazama. Jamani, tulicheka.

Halafu zikaja filamu za Bombay na sauti zake na nyimbo zake, watu wakahamia huko. Ukabaki ofisini kugonga mihuri. Tulipomfuata Neema huku Kanada, ukawa unapiga deki ofisi za Don Mills, na hukumwambia mtu yeyote kwamba uliwahi kuwa mwongozaji wa filamu. Nilikubembeleza uwaambie. Ukasema watadhani ni porojo za mzee. Ukimya wako ule uliniuma sana, na ukafa nao.

Sasa mwezi uliopita Neema akaipeleka filamu ikahamishiwa kwenye mkanda wa video. Wakongomani anaosali nao kule Mount Dennis waliposikia, wakaomba tuwaonyeshe kwenye ukumbi wa kanisa. Nikamuuliza, na baba yako nani atamsemea? Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba tuweke muziki tu. Muziki! Yaani kazi yako yote iwe watu wanaofumbua midomo kama samaki? Nikamwambia nitasema mimi, sauti zote mbili.

Jumamosi mchana nikasimama mbele za watu. Ukumbi umejaa, kila mtu na koti lake mapajani. Baba Neema, nilipwaya. Bila wewe sikujua niingie wapi. Mke amekwishanyamaza kwenye pazia, mimi bado naongea. Nikajaribu utani wako wa Tabora. Hakuna Mnyamwezi hata mmoja mle ndani, watu wananitazama kwa huruma tu, na Neema ameinamisha kichwa. Nikasema moyoni, leo nimekuzika mara ya pili.

Ikafika sehemu ya kuomba radhi. Hapo ulikuwa unasema maneno marefu, kila mji na yake, wanawake wanajifuta machozi. Sikukumbuka hata moja. Basi nikageuka, nikaitazama picha yenyewe, jambo ambalo sikuwahi kulifanya miaka yote ile.

Uso wako ulikuwa umejaa pazia zima. Kijana! Unaongea, na midomo yako mimi naijua. Wala hukuwa unaomba radhi. Siku ile ya kupiga picha hukujali maneno ya kisa, ulijua utayatia baadaye. Ulikuwa unaniongoza mimi. Nikayasema kwenye kipaza sauti vilevile nilivyoyaona yakitoka: "Sogea huku kivulini, mke wangu. Jua linakuchoma. Sogea, usiogope, niko hapa."

Neema akainua kichwa. Mbele palikaa mama mmoja wa Bukavu, Mama Furaha, ambaye mumewe hajulikani alipo tangu vita. Akaniuliza kwa sauti kubwa, picha ikiwa inaendelea, bila aibu yoyote, "Na weye, ulimujibu nini, mama?"

Nikatazama. Sikukujibu kitu. Nilisogea tu, nikakuegemea bega, na filamu ikaisha.

Walipiga makofi sana, nakuambia ili ujue. Kwenye gari Neema aliniuliza kwa Kiswahili, mwenyewe bila kulazimishwa, kama baba yake alikuwa akisema nami hivyo siku zote. Nikamwambia ndiyo, ila alikuwa na kelele nyingi, mtu unaweza usisikie. Kisha akaniacha mlangoni, akawahi zamu yake.

Tangu siku hiyo najiuliza ningekujibu nini sasa. Hasira yenyewe naona imepoa, imebaki hamu tu ya kukuona. Nadhani nisingesema kitu hata leo, Baba Neema. Ningesogea. Ila sijui uko upande gani.

Pumzika, mwongozaji wangu.

Mkeo,
Mama Neema