Sahihi Niliyotia kwa Soda

Baba,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu wewe hukupenda mtu wa kuzunguka.

Tangu tukuzike, hakuna mtu wa boma letu aliyehudhuria vikao vya kaunti vya kuchukua maoni, na Mama akaona niende mimi. Nikafika ukumbi wa kanisa pale Kabazi. Mlangoni msichana akaniuliza jina na nambari ya kitambulisho, nikatia sahihi, nikapewa soda na mkate. Kila mtu alifanya hivyo. Wewe ulikuwa ukisaini mwisho kabisa, ukishasomewa maneno yako yalivyoandikwa, na sisi nyumbani tulikucheka tukisema ni ubishi wa uzee. Vijana wa stendi walikuita Mzee wa Maoni. Hata mimi nilikuita hivyo ukiwa hupo.

Afisa alisoma mpango kwa Kizungu, mbio mbio, kama mtu anayekimbia mvua. Lango jipya la soko, lenye taa. Nikainua mkono. Nikaeleza kwamba sisi wa huku juu tunataka bomba la maji, kwamba Mama na goti lake bado anashuka mtoni na mtungi mgongoni. Akatabasamu.

"Tumelichukua, mama."

Kalamu yake ilibaki mezani.

Wiki mbili baadaye tangazo likabandikwa kwa ofisi ya chifu: wananchi waliohudhuria wameunga mkono lango. Chini yake majina yetu na sahihi zetu. Jirani akaja kumwambia Mama ati hata binti wa mzee amekubali. Mama alinitazama tu, Baba, na nikaona aibu ambayo sijawahi kuona.

Nilienda ofisi ya wadi kuomba jina langu litolewe. Nikaambiwa nilisaini. Nikasema nilisaini kwamba nimefika, si kwamba nimekubali. Wakasema karatasi ni hiyo hiyo moja. Hebu niambie, uliwavumiliaje hawa watu miaka hiyo yote bila kurusha kiti?

Basi nikaandika barua, maneno ya maji juu, nafasi ya sahihi chini. Nimepita nyumba kwa nyumba nikimsomea kila mtu kwanza. Wengine walinifungia mlango. Wamechoka kuulizwa jambo ambalo limeshaamuliwa, na siwalaumu. Waliosaini wamejaza karatasi mbili. Nikaipeleka barua ofisi ya kaunti, Nakuru, nikasimama hapo mpaka nakala yangu ikagongwa muhuri. Wanasema mpango bado haujapitishwa, kwa hivyo barua itasomwa. Labda.

Nisamehe kwa kukwambia unapoteza siku zako bure. Ile mara ya mwisho ulipotaka kwenda kikao na kifua kinakubana, mimi ndiye niliyeficha viatu vyako. Ulikaa mlangoni na soksi, umekasirika, na sikukuletea hata chai. Hiyo inaniuma kuliko hiyo sahihi.

Mama ameuliza kama watatujibu. Sikutaka kumdanganya. Nimemwambia sijui.

Pumzika, Baba. Wakituita nitaenda, na wasipotuita nitaenda pia. Na mpaka bomba lifike, mtoni nashuka mimi.

Binti yako