Siagi ya Ijumaa

Meklit, sijui nicheke au nilie.

Leo nilikuwa najaribiwa kazi ya upishi kwenye klabu ya wala mboga tupu, wasiogusa maziwa wala mayai, katika chuo kilekile nilichokiacha bila digrii. Ijumaa ya mfungo wetu wa kutokula nyama wala maziwa, nikapika shiro, ule mchuzi wa unga wa dengu. Wakamaliza mpaka mkate wa injera uliotandikwa chini kwenye sinia.

Mdomo wangu unaujua. Nikawatania, "Utamu huo ni siagi, wapendwa."

Nikajua hapohapo kibarua kimeota nyasi.

Mara Yared, mwenyekiti wao, yule anayefukuza watu kwa tone la maziwa, akashusha pumzi. "Afadhali umesema, dada. Mimi jibini inanishinda kila wiki, naila kwa siri."

"Mimi mayai," katibu akadakia.

Mayai, Meklit. Katibu.

Na siagi haikuwemo. Nilitia mafuta ya alizeti tu.

Kazi wamenipa. Sharti lao moja: siagi isipungue.