Feni Zisizojua Kuna Joto

Kalamba, Makueni
Ijumaa, baada ya sala ya adhuhuri

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute umekaa kwenye kiti chako karakanani, si kitandani, na ule uvimbe wa mguu uwe umeshuka. Mama aliniandikia kwamba daktari amekukataza kusimama muda mrefu, nawe ukamwitikia kwa kichwa tu, kisha ukarudi kwenye mafriji yako. Tafadhali, Baba, keti. Friji haijali kama fundi wake amesimama au ameketi. Mimi ni mzima, nakula vizuri, na ile homa ya mwezi uliopita imeniacha.

Najua bado hujaridhika kwamba nilikuja huku bara. Siku nilipoondoka Mombasa uliniuliza, "Ukambani utafanya nini na kompyuta, Rehema? Utawahesabia mbuzi?" Nilicheka, lakini njia nzima swali lako lilinikaa kifuani kwa kuwa sikuwa na jibu. Leo ninalo.

Kazi yetu ni kutafuta maji. Huku, Baba, mto ni mchanga. Watu wanachimba shimo katikati ya mto mkavu, wanangoja maji yajikusanye, wanayachota kwa kikombe, kikombe baada ya kikombe, mpaka dumu lijae, halafu wanampakia punda. Mama Ndunge, aliyenipangisha chumba nyuma ya duka lake, anatoka alfajiri na kurudi jua likiwa utosini. Mimi naoga kwa maji ya birika moja, na hata hayo nikiyamwaga naona haya.

Mkuu wangu ni Bwana Mutuku, mtaalamu wa miamba, mzaliwa wa hapa hapa. Anapigilia vyuma ardhini kwa mstari mrefu, anapitisha umeme kutoka chuma hiki hadi kile, na kupima jinsi ardhi inavyoukataa. Mwamba mkavu unaukataa sana. Mwamba uliopasuka ukashika maji unauachia upite. Jioni anarudi na madaftari yaliyojaa tarakimu. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Naziingiza tarakimu zote kwenye kompyuta, nayo inahesabu kwa saa nyingi mpaka ichore picha ya kile kilichoko chini ya miguu yetu. Aliponieleza mara ya kwanza nilidhani ananitania. Nimekua nikijua kwamba yaliyo chini ya ardhi anayajua Mungu peke yake.

Kabla sijafika walikuwa wamechimba mara mbili kwa kupiga hesabu za karatasi, na mara zote mbili wakatoa vumbi tupu. Tangu hapo watu wa soko waliacha kumwitikia Bwana Mutuku salamu. Siku moja nilimwambia watu hawa ni wakali, akatikisa kichwa. "Si wakali," akasema. "Wamechoka. Mgeni akikosea, anarudi kwao. Mimi nikikosea nitarudi wapi?"

Basi kompyuta ikaletwa kutoka Nairobi, kubwa kama friji ndogo ya soda, pamoja na jenereta yake. Tukaiweka kwenye chumba kisichotumika cha duka la Mama Ndunge. Ukiiwasha ikakaa bila kazi, haina neno: feni zake tatu zinavuma polepole kama mtu aliyelala. Lakini ukiipa ile hesabu, dakika ishirini haziishi, inazimika zii. Ukiigusa ubavuni imewaka moto. Na feni, Baba, zilikuwa na sauti ile ile ya usingizi tangu mwanzo hadi inazimika. Mashine ya aina hii feni zake zimetengenezwa zikimbie zaidi kazi ikizidi. Hizi hazikukimbia.

Jumatatu msimamizi wa wachimbaji alizungumza nasi kwenye redio ya gari. "Bwana Mutuku, Alhamisi asubuhi lori la kuchimba litakuwa mjini Salama. Kama uko na mahali pa kuchimba, tunakuja kwako. Kama hauna, tunapita. Watu wa Migwani wanatungoja, na huku hatutarudi mwaka huu."

Bwana Mutuku alizima redio, akanigeukia. "Rehema, hii mashini itamaliza hesabu ama haitamaliza?"

"Itamaliza," nikasema, kwa ujasiri wa mtu asiyejua anachosema.

Jumanne nilianza na vumbi, maana vumbi la Kalamba ni jekundu na linaingia hata kwenye mayai. Nilifungua mashine na kuipuliza yote kwa pampu ya baiskeli. Nikaiwasha, nikaipa hesabu. Zii. Nikasema labda ni jenereta, nikapima umeme unaoingia. Ulikuwa mzuri. Tukaacha ubavu wazi na kuiwekea feni ya mezani. Mama Ndunge alipoona hivyo akaja na ungo wake, akasimama akiipepea mashine kwa nguvu kama anayepepeta mtama, jasho likimtiririka. "Hii kitu inaumwa homa," akasema. "Mtoto akiumwa hivi si unampepea?" Ilivumilia kidogo kuliko kawaida, kisha ikazimika. Mama Ndunge akautazama ungo wake kama aliyedanganywa.

Ndipo nikachukua mita nikapima umeme unaofika kwenye feni zenyewe. Mashine ikiwa baridi, volti saba. Mashine ikiwa inaungua, volti saba zile zile. Nikaichomoa feni moja, nikaiunga moja kwa moja kwenye waya wa volti kumi na mbili. Aisee! Ilinguruma mpaka karatasi za Bwana Mutuku zikaruka mezani.

"Iko sawa!" akapiga kelele. "Wacha hivyo hivyo!"

Lakini haikuwezekana. Nilipojaribu kuiwasha mashine ikiwa hivyo ilitoa mlio na kukataa, kwa sababu haikuiona tena feni yake mahali pake. Sasa nilijua jambo moja tu: feni ni nzima, ila haziamriwi kukimbia. Ama ubao unaotoa amri umekufa, na ubao mwingine hatungeupata kabla ya Alhamisi, ama kuna kitu nisichokiona. Bwana Mutuku alitoka nje akasimama akitazama vilima.

Niliketi na kikombe cha chai, na nikakukumbuka wewe. Unamkumbuka yule mama muuza maziwa ambaye friji yake ilikuwa ikigandisha kila kitu, hata mayai yakipasuka? Mafundi wawili walikuwa wamepita kabla yako. Mmoja alibadilisha gesi, mwingine swichi. Wewe hukufungua chochote. Uliingiza mkono, ukapapasa kwenye kona kule nyuma, ukatoa ule mrija mwembamba unaopima baridi. Ulikuwa umechomoka mahali pake unaning'inia tu hewani. Nami nilikuwa nimekushikia bisibisi, ukaniambia, "Mwanangu, kabla hujauliza nani hafanyi kazi, uliza nani hajaambiwa."

Baba, niliweka kikombe chini. Nikaanza kufuata nyaya kwenye ule ubao, moja moja, kwa ncha ya penseli. Zilikuwa mbili nyembamba sana, nyeusi, ambazo nilikuwa nimezipita mara kumi. Zilikwenda mpaka mbele kabisa ya mashine, nyuma ya matundu hewa inapoingilia, na hapo mwisho wake ulikuwa umebandikwa kwa utepe. Kwenye ncha palikuwa na kitu kidogo kama punje ya mtama. Hicho ndicho kinachopima joto. Fundi fulani aliyeifungua mashine kabla yetu alikisogeza, labda kilimzuia kupitisha bisibisi, akakibandika hapo. Basi kilikuwa kikipigwa na hewa safi mchana kutwa na kutoa habari kwamba hali ni shwari, huku tumboni mashine inaungua.

Nilikibandua. Nikakigusisha kwenye kikombe changu cha chai ya moto.

Feni zote tatu ziliamka. Zilianza chini, zikapanda, zikapanda, mpaka chumba kizima kikavuma. Nilipokitoa kwenye kikombe zikashuka polepole. Nikakirudisha, zikapanda tena. Bwana Mutuku alikuja mbio kutoka nje, akasimama mlangoni, akitazama kikombe, akitazama feni, akinitazama mimi.

"Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu," nikasema, na machozi yakanitoka. "Si mbovu. Hazikuwa na habari tu."

Mahali pa kile kipima joto ni kwenye prosesa, kile kipande kinachofanya hesabu, ambacho juu yake kuna alumini iliyochanwa kama kitana ili itoe joto. Utepe wetu ulikuwa haushiki kwenye joto. Mama Ndunge alikata uzi wa katani kwenye kiondo alichokuwa akisuka, nami nikakifunga kile kipunje katikati ya meno ya ile alumini, kikakaa imara.

Jumatano saa tatu asubuhi tuliipa hesabu yote. Dakika ishirini zikapita. Zikapita arobaini. Feni zilikuwa zikipanda hesabu inapokuwa nzito na kushuka inapokuwa nyepesi, kama mtu anayepanda mlima na mzigo, akifika mahali pa tambarare anashusha pumzi. Mama Ndunge alifunga duka, akaja kuketi nasi sakafuni. "Inapumua," akasema kwa sauti ya chini. Sijui nikueleze vipi, Baba. Nimefungua mashine nyingi, na najua kila waya unakwenda wapi, lakini siku ile niliogopa kukohoa, kwa heshima niliyokuwa nayo.

Saa kumi alasiri picha ikaanza kutokea, mstari mmoja kwa wakati. Nyekundu ni mwamba mkavu, na karibu yote ilikuwa nyekundu. Kisha, upande wa kulia, ukatokea mstari wa buluu. Ukarefuka. Ulikuwa ufa unaoshuka kwa mshazari, mbali sana chini, na kule chini ukapanuka kama mfuko. Bwana Mutuku alilinganisha na ramani yake. Akaweka kidole kwenye kioo, akaufuata ule ufa hadi mwisho.

"Hapa ni nyuma ya josho la ng'ombe," akasema hatimaye. "Hapa nimechunga mbuzi miaka yote ya utoto wangu. Nimelala juu ya hayo maji nikiwa na kiu."

Alhamisi lori lilikuja. Watu walikusanyika, lakini mbali, mikono kifuani, kama wanaotazama mazishi ya mtu wasiyemjua. Mashine ikachimba, ikatoa vumbi. Saa sita bado vumbi. Wengine wakaanza kuondoka, na msimamizi akaanza kutazama saa yake. Bwana Mutuku hakusogea hata kwenda kivulini. Ilipofika saa nane vumbi likabadilika rangi, likawa la kijivu, kisha likaacha kuruka. Likawa zito. Kisha pakasikika mngurumo kutoka chini, ambao niliusikia kwa nyayo kabla ya masikio, na maji yakaruka juu kuliko paa la duka.

Nilidhani watu watapiga vigelegele. Badala yake wazee walivua kofia. Matone yalikuwa yakituangukia usoni na hakuna aliyejifuta. Mama Ndunge aliyekuwa kando yangu alisema neno moja tu, polepole, "Kiw'u," ambalo kwa Kikamba ni maji, akalirudia, kama anayehakikisha kwamba bado linamaanisha kile kile. Vigelegele vilikuja baadaye, na vilipokuja havikuisha.

Bwana Mutuku alikinga kwa kiganja akaonja. "Iko na chumvi kidogo," akasema, "lakini inanyweka." Kisha akaketi kwenye tope na suruali yake nzuri, nami nikaondoka nisimtazame, maana mtu mzima ana haki ya kulia bila kutazamwa. Mdomo wa kisima umefungwa kwa sasa, na pampu itakuja wiki mbili zijazo.

Hilo ndilo jibu langu, Baba. Sikuja kuhesabu mbuzi. Wala sijivuni, kwa kuwa kazi yangu yote ilikuwa kuhamisha kipunje na kukifunga kwa uzi, na ujuzi wenyewe ni wako. Lakini nimesimama mahali nilipoona kisichoonekana kikachorwa, kisha kikatoka ardhini kama kilivyochorwa, na tangu jana natembea taratibu, kama niliye msikitini.

Sasa kuna jambo zito. Nilimwahidi Mama kwamba Idi hii ya kuchinja nitakuwa nyumbani. Jana msimamizi wa wachimbaji aliitazama ile picha, akaniuliza kama mashine inaweza kupelekwa Migwani. Kule wamechimba mara tatu na kukosa. Bwana Mutuku alisema mashine inaweza, lakini haendi popote bila fundi wake. Wote wawili wakanitazama. Nimewaambia nitamwandikia baba yangu kwanza.

Mpe Mama mkono wangu, umwambie asilie kabla hujamsomea barua yote. Msalimie dada Mwanajuma na mumewe, na mtoto wao ambaye sijamwona. Msalimie mjomba Salim anayeshona viti vya magari, na Bibi, umwambie huku naswali kwenye msikiti mdogo wa mabati wa wafanyabiashara, na majirani wananiita binti wa Mombasa kwa heshima.

Lori linaondoka kwenda Migwani Jumamosi ya wiki ijayo, na nikienda Idi itanikuta huko. Ukisema nirudi, nitarudi, na sitanung'unika. Lakini ukiweza, Baba, nipe radhi yako niende Migwani.

Ni mimi binti yako na mshika bisibisi wako,
Rehema