Perege wa Mama wamevuka Julai

Jumatano, mwisho wa Julai. Mkuu, Rombo. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba na kilele cha Kibo sijakiona tangu nije. Nimevaa sweta mbili na bado vidole vinagoma kuandika.

Nimeshinda, na sijui kwa nini sina raha.

Nianze mwanzo, maana hata mimi nataka kuelewa. Mama anaishi peke yake hapa kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, tangu Baba afariki. Baridi ikiingia kifua kinambana, na mimi niko Shirimatunda, kule chini kwenye joto, kila simu ikilia moyo unaruka. Nimemsihi ahamie kwangu mpaka nimechoka. Mwezi wa nne nilipomletea tena maneno yale yale, alicheka akaniambia, "Wewe si unafuga perege huko kwako? Walete. Wakivuka Julai kwenye maji yetu, nami nitahamia kwenye joto lenu."

Mama akisema kitu amesema. Nikawaleta.

Sikuwatupa hivi hivi kwenye bwawa la Mama. Aliyeniuzia vifaranga alishanionya kwamba samaki aliyezoea maji ya vuguvugu anaweza kuvumilia baridi kiasi, ila ukimshtua humpati tena. Basi tuliwaweka kwenye pipa nyuma ya jiko la Mama, na kila siku yakatolewa maji kidogo, ikaongezwa ndoo moja ya maji ya mfongo, mfereji wetu unaoshuka kutoka msituni. Kazi hiyo aliifanya Mama mwenyewe. Mimi nilikuwa napanda Jumamosi kukagua, kama bosi. Walipozoea tukawahamishia bwawani.

Halafu mapema mwezi huu nikafanya ujinga. Ilikuwa zamu yetu ya mfongo, na huku zamu haiachwi. Ukiiacha utasemwa mpaka kanisani. Mama alikuwa amelala na kifua chake, nami nikajifanya mtu wa nyumbani, nikachukua jembe, nikafungulia maji yote yaingie bwawani. Maji yale yanauma mpaka kwenye meno. Haukupita muda, perege wakaanza kulala ubavu.

Mama alitoka kitandani amejifunga shuka, akaziba njia ya maji kwa tope na maganda ya mgomba, kisha akamwita jirani yetu, Baba Aloyce, achukue zamu yetu yote. Huku hakuna mtu anayegawa zamu yake. Baba Aloyce alisimama na jembe lake akidhani anataniwa.

Angerudi tu kulala, angeshinda yeye. Kwa nini aliwaokoa?

Labda anataka kuja na anaona haya kusema. Labda aliwahurumia tu, maana ndiye aliyewalea pipani. Nimeligeuza hili jambo kila upande na kila upande naona kitu kingine.

Leo asubuhi tumekwenda bwawani. Wako hai, karibu wote. Lakini wamekaa chini kabisa, kwenye matope, hata mkia hawachezeshi. Nimewatupia pumba, zimeelea tu. Mmoja amepanda, amezigusa kwa mdomo, amerudi chini.

"Wamevuka," Mama akasema. "Basi nikapange nguo zangu."

Hapo nikakumbuka Februari, aliponitembelea Shirimatunda. Alishinda amelala sakafuni sebuleni, kanga imelowa jasho, na mtori niliompikia akausogeza pembeni. Nikamuuliza kama anaumwa, akasema haumwi. Majirani walipouliza, niliwaambia atazoea.

Nilikuwa na uhakika sana siku zile.

Sasa sijui. Akibaki huku, naogopa simu ya Julai ijayo. Akija kwangu, naogopa kumwona amekaa tu, hali chakula, hasemi, na watu wakiniuliza hali yake nijibu kwamba yuko hai. Nimemwambia asifunge begi kwanza. Ameniangalia, ameendelea kukunja vitenge vyake kimoja kimoja.

Kesho jua likitoka nitawatupia pumba tena. Wakila, nitamfungia begi mwenyewe. Wasipokula, sijui nitamwambia nini mtu aliyetoka kitandani, na kifua kile, kuwaokoa.